Nje ya Kambi: Ugonjwa wa Mlipuko na Swali la Jirani



Vijana wenzangu wapendwa, leo naomba tufungue Injili ya Marko, sura ya 1, aya ya 40 hadi 45. Hata kama Biblia yako iko kwenye simu, fungua. Soma kwanza halafu urudi hapa. Ni aya sita tu.

Umesoma? Basi tuendelee. Mtu mwenye ukoma anamjia Yesu, anapiga magoti na kuomba atakaswe. Yesu anamhurumia, ananyosha mkono, anamgusa, na mtu yule anapona papo hapo. Mahubiri mengi huishia hapo, kwenye muujiza. Lakini iangalie vizuri aya ya 45. Yule aliyeponywa anaingia kwa watu na kutangaza habari zake kila mahali, mpaka Yesu mwenyewe anashindwa kuingia mjini waziwazi. Anabaki nje, mahali pasipo watu. Yaani wamebadilishana nafasi: aliyekuwa nje amerudi ndani, na aliyekuwa huru kuingia mji wowote sasa yuko nje.

Ili tuone uzito wa jambo hili, turudi kidogo kwenye kitabu cha Walawi, sura ya 13. Sheria ilimtaka mwenye ukoma akae peke yake nje ya kambi, na apaze sauti kwamba yeye ni najisi ili watu wamkwepe. Tusiwacheke watu wa zamani. Hawakuwa na dawa wala maabara, na kambi nzima ilihitaji kulindwa. Shida ni kwamba mtu akishakaa nje muda mrefu, wale wa ndani huanza kusahau kwamba ni mtu. Jina lake linapotea, anabaki kuitwa kwa jina la ugonjwa wake.

Nimekuwa nikisoma historia ya magonjwa ya mlipuko, na jambo hili limenijia tena na tena. Kila ugonjwa mkubwa uliopita duniani umechora mpaka wa kambi. Watu wakalazimika kuamua nani yuko ndani, nani yuko nje, na nani atavuka mpaka kumfuata aliye nje. Bakteria na virusi huua watu, hilo tunalijua. Lakini jamii inayobaki baada ya ugonjwa kuondoka hutegemea sana jinsi watu walivyotendeana wakati ugonjwa upo. Naomba tupite kwenye mifano michache ya kweli, halafu turudi kwetu.

1. Karthago: kuwauguza waliotuchukia

Twende Afrika ya Kaskazini, kwenye mji wa Karthago, karibu na Tunis ya leo. Ni katikati ya karne ya tatu. Mwaka 250 Wakristo walikuwa wametoka kuonja mateso ya Kaisari Desio, aliyewaamuru watu wa dola yake watoe sadaka kwa miungu ya Roma. Waliokataa walifungwa, wengine waliuawa, na wengine waliogopa wakaikana imani. Mateso hayajapoa vizuri, tauni ikaingia mjini.

Askofu wa Karthago alikuwa Mt. Sipriani. Shemasi wake Pontio, aliyeandika habari za maisha yake, anaeleza jinsi watu walivyokimbia, wakawaacha hata ndugu zao, na miili ikalala barabarani. Kuna waliosema Wakristo ndio wamesababisha haya yote kwa kuikataa miungu. Sipriani aliandika kitabu kizima kumjibu mtu mmoja aliyeitwa Demetriano, ambaye alikuwa akieneza maneno hayo.

Sasa wewe jiweke pale. Jirani yako jana alikuchongea kwa askari. Leo anaumwa, hana wa kumpa maji, na bado anasema wewe ndiye chanzo cha ugonjwa wake. Utafanya nini?

Sipriani aliwakusanya waamini wake akawaambia kwamba kuwahudumia wa kwetu peke yao si jambo la ajabu, hata wasiomjua Mungu hufanya hivyo. Mwana wa Baba anayewanyeshea mvua wema na wabaya anapaswa kuwahudumia wote. Basi wakagawana kazi: mwenye fedha alitoa fedha, asiye na fedha alitoa nguvu zake. Huko Aleksandria, Misri, askofu Mt. Dionisi aliandika barua kama hiyo wakati wa Pasaka. Alieleza jinsi mapadre, mashemasi na walei walivyowauguza wagonjwa, wakawazika, na wengi wao wakafa kwa ugonjwa uleule.

Rodney Stark, mwanasosholojia wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu kukua kwa Ukristo, alitoa hoja rahisi lakini yenye nguvu. Hata pasipo dawa, mgonjwa anayepewa maji, uji na usafi ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko aliyeachwa peke yake. Kwa hiyo Wakristo na majirani waliouguzwa nao walipona kwa wingi zaidi. Na mpagani aliyepona, akakumbuka kwamba ndugu zake walikimbia na aliyebaki kumlisha ni yule Mkristo, aliuona ulimwengu kwa macho mapya. Kwa maoni ya Stark, hiyo ni mojawapo ya sababu za kundi dogo lililodharauliwa kukua mpaka kuibadilisha dola nzima. Kikombe cha maji kilihubiri pale ambapo mdomo usingesikilizwa.

2. Je, mwenye imani haugui?

Kuna kitu kingine cha Karthago ambacho nakipenda sana kwa sababu kinatuhusu. Waamini wa Sipriani walisumbuliwa na swali: mbona na sisi tunakufa? Tunasali, tunafunga, tumevumilia mateso, na bado tauni inatuchukua sawasawa na wapagani.

Hebu tuseme ukweli, si swali hilohilo lilitusumbua mwaka 2020? Wakati wa korona tulisikia wahubiri wakisema mwenye imani ya kweli haambukizwi, na Zaburi ya 91 ikatumwa kwenye kila kundi la WhatsApp. Ni zaburi nzuri, Kanisa linaisali katika Sala ya Usiku. Lakini nenda Mathayo 4, aya ya 5 hadi 7. Shetani anampandisha Yesu juu ya mnara wa hekalu, anamwambia ajitupe chini, na kumshawishi ananukuu zaburi hiyohiyo ya 91! Yesu anamjibu kwamba tusimjaribu Bwana Mungu wetu. Kumbe inawezekana kuchukua ahadi ya Mungu na kuigeuza kuwa kamari.

Jibu la Sipriani kwa waamini wake lilikuwa la mtu mzima. Aliwaambia kwamba kwa mwili tunashiriki hali moja na binadamu wote. Mvua isiponyesha, njaa haichagui nyumba ya Mkristo. Meli ikigonga mwamba, abiria wote wanazama. Macho yakiuma, yanamuuma yeyote. Imani haitupi mwili wa aina nyingine. Inatupa namna nyingine ya kuubeba mwili huu na kuubeba wa mwenzetu. Tauni, alisema, inaipima mioyo: kama mwenye afya atamhudumia mgonjwa, kama ndugu atampenda ndugu, kama tabibu hatamkimbia anayemlilia.

3. Ulaya: kisima na moto

Nisingekuwa mkweli kwenu kama ningesimulia mazuri yetu peke yake. Turuke karne kumi na moja mbele. Sasa Ukristo si kundi dogo tena, ndio dini ya Ulaya nzima. Oktoba 1347 meli ziliingia bandari ya Messina, Sisilia, zikiwa na wagonjwa na maiti. Ndani ya miaka minne hivi tauni ilikuwa imepita karibu Ulaya yote na kuua kati ya theluthi na nusu ya watu. Fikiria jumuiya yenu ina watu thelathini, halafu wabaki kumi na tano.

Leo tunajua ilikuwa bakteria anayebebwa na viroboto wa panya. Alexandre Yersin alimgundua Hong Kong mwaka 1894. Lakini watu wa 1348 hawakujua. Na mtu aliyefiwa, asiyejua sababu, hutafuta mtu wa kulaumu. Uvumi ukaenea kwamba Wayahudi wametia sumu kwenye visima. Tarehe 14 Februari 1349, huko Strasbourg, Wayahudi kwa mamia walichomwa moto. Na ujue hili: tauni ilikuwa hata haijafika mjini humo. Waliua watu kwa ugonjwa ambao bado haujaingia. Waliofanya hivyo walikuwa wamebatizwa kama mimi na wewe.

Papa Klementi VI, aliyekuwa akiishi Avignon, alitoa hati mwaka 1348 kuwatetea. Hoja yake ni mantiki safi, na mimi niliyekaa darasani miaka kadhaa na wanafalsafa niliifurahia. Alisema hivi kwa kifupi: Wayahudi nao wanakufa kwa tauni hii, na tauni inaua hata katika nchi ambazo hakuna Myahudi anayeishi. Sasa wanawezaje kuwa ndio sababu? Hoja iko wazi kama mchana, lakini hofu ilikuwa imeshaziba masikio. Miji mingi haikumsikiliza. Wengi wa walionusurika walihamia mashariki, hasa Poland, na ramani ya Wayahudi wa Ulaya ikabadilika kwa karne nyingi.

Jamii ikabadilika na kwa upande mwingine pia. Vibarua wakawa wachache, kwa hiyo waliobaki waliweza kudai ujira mkubwa zaidi. Uingereza wakubwa walishtuka, na mwaka 1351 ikapitishwa sheria ya kurudisha ujira ulivyokuwa kabla ya tauni. Haikusaidia sana. Mwaka 1381 wakulima na vibarua waliandamana kwa silaha mpaka London, na mfumo wa kumfunga mkulima kwenye ardhi ya bwana wake ulizidi kulegea. Aliyeonekana mkono tu wa kulimia alianza kuhesabiwa, kwa sababu sasa hakuwa rahisi kumpata mwingine. Ni jambo la kusikitisha kwamba watu wengi kiasi kile walipaswa kufa ndipo thamani ya kibarua ionekane.

4. Siku arobaini

Kuna neno moja lilizaliwa kwenye tauni zile na bado tunalitumia: karantini. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Korasia, uliamuru wanaotoka sehemu zenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku zikawa 40, na neno la Kiitaliano la arobaini ndilo lililotupa karantini. Mkatoliki akisikia arobaini anakumbuka Kwaresima, Musa mlimani, Yesu jangwani.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana ndipo tunapochanganya mambo mawili. Katika falsafa tunafundishwa kwamba ukishindwa kutofautisha vitu viwili vinavyofanana, utakosea katika vyote viwili. Kutenga ugonjwa ni jambo moja. Kutenga mtu ni jambo lingine. Barakoa, kunawa mikono, kukaa mbali na mgonjwa wa kipindupindu asiye na mhudumu mwenye vifaa, hayo ni kutenga ugonjwa, na ni upendo. Ukikohoa ukakaa nyumbani usimwambukize bibi yako, umetenda tendo la huruma. Lakini kumwacha mgonjwa bila chakula, bila salamu, bila sala, kumsema vibaya na kumnyima nafasi yake hata baada ya kupona, huko ni kutenga mtu. Mlango wa kwanza unaweza kufungwa kwa upendo. Mlango wa pili Injili haituruhusu kuufunga.

Mfano mzuri ni Mt. Karoli Borromeo, askofu mkuu wa Milano. Tauni ilipoingia mwaka 1576, wakubwa wengi walikimbia mji, yeye akabaki. Watu walipoamriwa kujifungia majumbani, hakupigana na amri hiyo na hakuwaacha. Alisimamisha altare kwenye njia panda za mji, ili watu wafuatilie Misa wakiwa madirishani mwao. Mapazia ya nyumba ya askofu yakashonwa nguo za maskini. Kwa hiyo mwaka 2020, wenzetu ambao makanisa yao yalifungwa walipofuata Misa kwenye simu, au tulipoweka ndoo za maji mlangoni na kuacha kushikana mikono wakati wa amani, hatukuwa tunabuni dini mpya. Na unakumbuka ile jioni ya 27 Machi 2020, Papa Fransisko akiwa peke yake, mvua inanyesha, uwanja wa Mt. Petro mtupu? Msalaba uliowekwa pale ni wa kanisa la Mt. Marcello, uleule uliotembezwa mitaani Roma wakati wa tauni ya 1522. Alikuwa anatukumbusha kwamba tumeshapita hapa.

5. Kijana wa miaka 23

Roma, mwaka 1591. Mji una njaa na ugonjwa. Kuna mseminari Mjesuiti anaitwa Aloisi Gonzaga. Ni mzaliwa wa kwanza wa familia ya watawala, angerithi ardhi, ngome na cheo, lakini alikuwa ameyaacha yote mwaka 1585 ili aingie utawani. Sasa anasoma teolojia. Angeweza kusema, na angekuwa na haki, kwamba kazi yake kwa wakati huu ni vitabu.

Aloisi alitoka. Aliomba misaada mitaani, alibeba wagonjwa waliolala barabarani, akawasafisha na kuwalisha. Vijana wenzake walipoanza kuambukizwa, wakubwa wake walimkataza. Alitii, kisha akaomba ruhusa tena, akaruhusiwa kwenda hospitali nyingine ambayo haikupokea wagonjwa wa kuambukiza. Huko alimwinua mgonjwa mmoja kitandani, akamhudumia, kumbe yule alikuwa na ugonjwa uleule. Aloisi alianza kuugua mwezi Machi, akafariki tarehe 21 Juni 1591 akiwa na miaka 23. Kanisa likamfanya msimamizi wa vijana.

Mimi pia ni mseminari na niko katika umri huohuo, kwa hiyo maisha yake yananigusa kwa karibu. Kinachonivutia ni mpangilio wake wa mambo. Hakudharau hatari, maana aliomba ruhusa na alitii alipokatazwa. Na hakuifanya hatari kuwa kisingizio, maana aliendelea kutafuta mlango ambao angeweza kupitia. Sisi wengi tukikatazwa mlango mmoja tunapumua kwa furaha na kurudi kukaa.

6. Na huku kwetu?

Vijana wengi mnaosoma hapa mmezaliwa baada ya miaka ile migumu ya ukimwi. Kwa Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka. Unaona? Kabla ya kujua ugonjwa ni nini, watu walishautafutia mwenyewe: mfanyabiashara, mgeni, mchawi. Ni kisima cha Strasbourg kilekile kwa jina lingine. Waulize bibi zako kuhusu mazishi ya kila wiki na watoto waliobaki kulelewa na wazee. Mwulize pia kuhusu masista na mapadre waliofungua vituo vya wagonjwa pale ambapo sahani ya mgonjwa ilikuwa inatengwa na kuoshewa kando. Nairobi, mwaka 1992, padre Mjesuiti na daktari Angelo D'Agostino alianzisha makazi ya Nyumbani kwa ajili ya watoto wenye virusi waliokuwa wameachwa. Nimependa sana jina hilo. Watoto walikuwa nje ya kambi, na nje huko wakajengewa nyumbani.

Leo dawa zipo. Mtu mwenye VVU akizitumia vizuri virusi hufubaa, anaishi, anafanya kazi, anazeeka. Ila unyanyapaa haumezewi kidonge.

Nilipokuwa kwenye mwaka wa uchungaji nilisali na jumuiya moja ndogo. Kama mnavyojua, tunasali kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ameugua kifua kikuu. Alishamaliza dawa za miezi sita na kupimwa, hospitali wakamwambia amepona. Lakini zamu ya kusali kwake ilikuwa inarukwa. Hakuna aliyesema kitu, orodha ilipita tu juu ya jina lake. Siku nilipomtembelea aliniambia, "Frateri, dawa nimemaliza, ila zamu yangu haijarudi." Hakulia wala kulalamika. Alikuwa ameshatandika mkeka mpya, unasubiri.

Mzee mmoja wa jumuiya alipopata habari hizo hakuhubiri. Jumamosi iliyofuata, mwisho wa sala, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wiki ijayo tunasali kwa mama." Baadhi walitazamana. Wiki iliyofuata walikuja karibu wote, tukakaa kwenye ule mkeka, tukanywa chai. Nadhani hapo nilielewa Marko 1:45 kuliko nilivyoielewa darasani. Muujiza wa kupona ulishatendeka hospitali. Kilichobaki ni mtu wa kuvuka mpaka.

Na wanaovuka mpaka si Wakristo peke yao, kama ambavyo aliyesimama njiani kwenda Yeriko hakuwa kuhani. Mwaka 1977, mjini Merca, Somalia, mpishi wa hospitali Ali Maow Maalin aliingia kwenye gari lililobeba wagonjwa wawili wa ndui ili amwonyeshe dereva njia. Alikaa nao dakika chache tu, akaambukizwa. Akapona, na akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Miaka mingi baadaye Maalin, Mwislamu wa Somalia, alizunguka vijijini kuwashawishi wazazi wakubali chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyompata. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo. Bwana wetu angeweza kusimulia mfano juu yake.

Tufanye nini basi?

Mlipuko mwingine utakuja. Sisemi hivyo kuwatisha, historia ndiyo inasema. Uwe VIWAWA, TYCS au kwaya, tunaweza kujiandaa sasa.

Kwanza, usisambaze uvumi. Kabla ya kutuma ule ujumbe unaosema kabila fulani au wageni fulani wameleta ugonjwa, jiulize hoja ya Papa Klementi: na wao hawaugui? Pasipo wao ugonjwa haupo? Amri ya nane inahusu na simu yako.

Pili, fuata maelekezo ya wataalamu wa afya bila kuona aibu. Kuchanjwa, kunawa mikono, kukaa mbali inapobidi, hayo hayapingani na imani. Kumjaribu Mungu ndiko kunakopingana nayo.

Tatu, mtafute aliye nje ya kambi yenu leo. Labda ni mwenzako wa hosteli anayekunywa dawa kwa kujificha. Labda ni aliyeugua akili, na tangu siku hiyo kila mtu anamwogopa. Huhitaji kuwa daktari. Mpigie simu, mpelekee chakula, kaa naye. Na siri yake iwe siri.

Nne, mheshimu anayeuguza. Manesi, madaktari, wafagiaji wa wodi, mama anayemlea mtoto mgonjwa. Wengine wametengwa na majirani kwa sababu tu wanagusa wagonjwa. Waombee, na ukiweza, wapokee kazi hata kwa saa moja wapumzike.

Barua kwa Waebrania, sura ya 13, aya ya 12 na 13, inatukumbusha kwamba Yesu aliteswa nje ya lango la mji, na inatualika tumfuate huko nje ya kambi. Golgota palikuwa nje ya mji. Tukimtafuta Kristo tu kati ya wenye afya, wasafi na wanaokubalika, tunaweza kuchelewa sana kumpata, maana kuna siku hayupo upande huo.

Tujiulize

Katika jumuiya yangu, zamu ya nani imekuwa ikirukwa?

Je, kuna mtu ninayemwita kwa jina la ugonjwa wake badala ya jina lake?

Mlango mmoja wa kusaidia ukifungwa, huwa natafuta mwingine au nafurahi kupumzika?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyenyosha mkono ukamgusa ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa, utuondolee woga unaotufanya tuwakatae ndugu zetu. Utupe akili ya kuujua ugonjwa na kuuzuia, na moyo wa kumjua mgonjwa na kumpokea. Uwapokee katika ufalme wako wote waliokufa kwa magonjwa ya mlipuko, hasa waliokufa bila mtu wa kuwashika mkono. Uwatie nguvu wanaouguza. Na siku yetu ya kuugua ikifika, utupe jirani. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mt. Aloisi Gonzaga, utuombee.
Mt. Sipriani wa Karthago, utuombee.
Mt. Karoli Borromeo, utuombee.

Nawatakia juma jema. Tuombeane.